Mbaazi za 2017: tangazo la New Delhi na bei ya Nachingwea

Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 2017, serikali ya India ilitoa tangazo fupi la biashara ya nje: mbaazi zitakazoingia nchini humo kwa mwaka wa fedha zisizidi tani 200,000. Ni hilo tu, pamoja na kifungu kimoja kidogo ambacho nitakirudia, maana wengi walikiruka. Wakati huo Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Masasi na Nanyumbu, wilaya za mikoa ya Lindi na Mtwara kusini mwa Tanzania, watu walikuwa wanavuna na kupura. Kilo iliyowahi kupita shilingi 2,000 misimu ya nyuma ikashuka hadi mamia machache ya shilingi, na kuna sehemu mnunuzi hakuonekana kabisa.

Ukimwuliza mtu wa kusini leo nini kilitokea, atakwambia Wahindi walifunga soko. Hakosei, ila hapo anasimulia mwisho wa kisa. Mwanzo wake uko miaka mitatu nyuma, kwenye mvua za India, na ukiufuata utakuta nchi ile kubwa ilikuwa inatuhitaji kwa miezi kadhaa ya mwaka kama sisi tulivyoihitaji. Wao mahitaji yao waliyapigia hesabu na kuyaandika. Sisi ya kwetu tuliyaacha yakawa mazoea, na mwaka ulipoharibika mzigo wote ukamwangukia mtu aliyekuwa na jembe.

Kwanza nieleze mbaazi ni nini kwa mikoa hii, kwa sababu aliye Dar es Salaam husikia Mtwara na Lindi akafikiria korosho peke yake. Korosho ina bodi yake, ina minada inayotangazwa redioni, ina wabunge wa kuipigania. Lakini pesa ya shamba kusini huja kwa zamu. Ufuta hutangulia katikati ya mwaka, mbaazi hufuata kuanzia Julai au Agosti, korosho hufunga kuanzia Oktoba. Hela ya mbaazi ndiyo iliyoziba pengo la katikati. Ililipa vibarua wa palizi chini ya mikorosho, ikapunguza deni la salfa iliyopulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ikanunua sare na madaftari, ikagharimia ngoma ya mtoto anayetoka jandoni au unyagoni.

Tena ni zao la mtu asiye na mtaji. Linapandwa pamoja na mahindi, Desemba au Januari. Halidai mbolea, kwani mizizi yake hujipatia naitrojeni yenyewe. Mahindi yakishavunwa, lenyewe linaendelea kusimama juani, na baada ya kupura miti yake ni kuni. Kwa sababu hakuna mkopo mkubwa unaoingia humo, bei ilipoanguka hakuna benki iliyoandika hasara wala kiwanda kilichofunga milango. Hasara ilikaa majumbani, na hasara ya aina hiyo haionekani kwenye vitabu vya serikali.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu ana kilo 600. Kwa shilingi 2,000 anashika 1,200,000. Kwa shilingi 300 anashika 180,000, na humo humo atoe ujira wa wapuraji, magunia na nauli ya mzigo hadi barabarani. Kwa wengine ilikuwa nafuu kuziacha mbaazi shambani.

Sasa India. Huko mbaazi si kifungua kinywa cha kulia mandazi. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, zikapikwa mchuzi mzito, ndiyo protini ya kila siku ya mamilioni kwa mamilioni ya watu, wengi wao wasiogusa nyama. India inalima mbaazi kuliko nchi nyingine yoyote, inazila kuliko nchi nyingine yoyote, na bado hazitoshi. Mvua za monsuni za 2014 zilikuwa haba, na za 2015 zikawa haba zaidi. Mavuno ya mbaazi ya msimu wa 2015/16 yakaishia tani milioni 2.6 hivi. Kufikia Oktoba 2015 kilo ya mbaazi zilizopasuliwa ilikuwa inagonga rupia 200 katika miji mikubwa, na maofisa wakaanza kuvamia maghala kuwasaka walioficha mzigo.

Serikali za India huogopa bei ya chakula cha kawaida kuliko zinavyoogopa hotuba za upinzani. Mwaka 1998 chama kilichokuwa kinatawala Delhi kiliangushwa katika uchaguzi wa jimbo hilo huku watu wakilalamikia bei ya vitunguu. Kwa hiyo mbaazi za rupia 200 zilikuwa jambo la siasa za juu kabisa.

Hapa ndipo kalenda inapotuingiza sisi. Wakulima wa Maharashtra na Karnataka hupanda mbaazi Juni na Julai, wakavuna kuanzia Desemba hadi Machi. Sisi tunavuna Agosti. Mzigo wa Afrika Mashariki na Kusini hufika bandari za India wakati maghala yao yamepungua na mavuno yao mapya hayajaingia. Canada inaweza kuwauzia njegere za manjano meli kwa meli, lakini mbaazi hailimi. Kwa dirisha hilo la miezi michache, New Delhi haina pa kwenda isipokuwa Msumbiji, Tanzania, Malawi na majirani wachache. Hiyo ndiyo nguvu tuliyokuwa nayo, na sidhani kama tuliwahi kuitambua kuwa nguvu. Tuliiona kama bahati: wanunuzi wanakuja wenyewe na magunia, wanagombania mzigo barabarani Masasi, bei inapanda kila wiki.

Julai 2016 waziri mkuu Narendra Modi alifanya ziara ya nchi nne za Afrika. Tarehe 7 alikuwa Maputo, na huko serikali mbili zikatia saini makubaliano ya muda mrefu kuhusu mbaazi na jamii ya kunde. Makubaliano hayo yalikuwa na tani ndani yake: 100,000 kwa msimu wa 2016/17, zikipanda mwaka hadi mwaka kufikia 200,000 ifikapo 2020/21. Tarehe 10 alikuwa Ikulu ya Dar es Salaam na Rais Magufuli. Huko nako mazao ya jamii ya kunde yalitajwa, kwamba nchi hizi zitakuza ushirikiano wa kilimo na Tanzania itauza zaidi India. Karatasi nzito ya siku hiyo ilikuwa ya maji: mkopo wa dola milioni 92 kwa ajili ya Zanzibar. Za mbaazi, tani hazikuandikwa.

Sitawalaumu sana waliokaa kwenye meza ile. Julai 2016 bei ilikuwa juu, na ni vigumu kumshawishi mtu atafute dhamana ya soko ambalo tayari liko mlangoni linabisha hodi. Lakini Maputo nayo ilikuwa na bei nzuri mwezi ule ule, na bado iliandika.

Kilichofuata kingeweza kusomwa mapema na yeyote aliyekuwa na sababu ya kusoma. Mwaka 2016 monsuni ilirudi vizuri. Serikali ya India, kwa kukumbuka aibu ya mwaka uliopita, ilipandisha bei ya chini inayowahakikishia wakulima wake hadi rupia 5,050 kwa kilo 100, na wakulima wakaitikia kwa kupanda mbaazi kila penye nafasi. Mavuno yakakaribia mara mbili ya msimu uliotangulia, yakafika tani milioni 4.8 hivi. Kuingia Januari 2017, kwenye masoko ya Karnataka na Maharashtra, mbaazi zilikuwa zinauzwa chini ya hiyo bei ya serikali. Mwezi huo huo mkulima wa Ruangwa alikuwa anafukia mbegu, akikumbuka bei ya mwaka jana. Wengi waliongeza eneo.

Machi 2017 India ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwa mbaazi zinazotoka nje. Za kwetu zilikuwa zimesimama shambani, za kijani. Juni wakulima wa Madhya Pradesh waliingia barabarani kulalamikia bei za mazao na madeni, na huko Mandsaur polisi wakawafyatulia risasi na kuua. Baada ya hapo hakuna mwanasiasa wa India ambaye angeacha meli za mbaazi za nje ziendelee kushusha mzigo bila kikomo. Miezi miwili baadaye kikomo kikatangazwa. Hakikuishia kwenye mbaazi: tarehe 21 Agosti choroko nazo zikawekewa kikomo, na Novemba njegere za manjano zikapigwa ushuru wa asilimia 50, ikawa zamu ya wakulima wa Canada kulia.

Ukiyapanga hivyo unaona kwamba tangazo la Agosti lilikuwa hatua ya nne au ya tano. Dalili zilianza kuonekana kabla mbegu hazijaingia ardhini Lindi, na hazikuwa siri. Magazeti ya biashara ya India yaliziandika kila wiki. Wenye maghala makubwa Dar es Salaam wana jamaa Mumbai na simu mkononi. Mchuuzi wa Nachingwea alijua kile tu alichoambiwa na tajiri wake, na kama alikwisha kununua mapema kwa bei ya matumaini, alibaki na mzigo usiotoka. Mkulima alijua siku mizani ilipoacha kuja. Afisa ugani hakuwa na kazi hiyo. Yeye kazi yake ni wadudu, nafasi kati ya mashimo na mbegu bora, na hakuna aliyemwambia kwamba monsuni ya Maharashtra ni sehemu ya ushauri wa kilimo Ruangwa.

Sasa kile kifungu kidogo. Tangazo lilisema kikomo hakitahusu ahadi ambazo India imejifunga nazo kwa makubaliano na serikali nyingine. Maana yake, Msumbiji ilikuwa nje ya zile tani 200,000. Kwa mwaka huo ilikuwa na nafasi yake ya tani 125,000, wakati nchi zisizo na karatasi ziliachwa zigombanie kikomo, na mzigo wa kukijaza ulipatikana upesi. Pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, Daraja la Umoja limeunganisha kingo mbili za Ruvuma tangu 2010. Wamakua na Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, mvua ni ile ile, mbegu ni ile ile. Lakini gunia lenye cheti cha kuonyesha limetoka Msumbiji lilikuwa na mlango wa kuingilia India ambao gunia la Nanyumbu halikuwa nao.

Wengi wakifika hapo huhitimisha kwamba dawa ni mkataba. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mwaka ule ule wa 2017 bei ya mbaazi mashambani Msumbiji ilianguka pia, tena vibaya. Wakulima wao walikuwa wamelima zaidi ya tani zilizoahidiwa, na mbaazi zilizoingia India zilikutana na soko ambalo hata Mhindi mwenyewe alikuwa anauza kwa hasara. Makubaliano ya Maputo yalilinda njia ya mzigo, hayakulinda bei ya aliyeulima. Nafasi ya tani ni mali, na mwenye kuishika ndiye anayefaidi: ikiwa mikononi mwa wasafirishaji, watanunua kwa bei ya chini kabisa ambayo mkulima aliyekwama atakubali, kisha watauza kwa mlango ambao wengine hawana.

Hata hivyo bado naona Msumbiji walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Mwaka mbaya mlango wao ulibaki wazi, kwa hiyo wanunuzi hawakuhama wote, na msimu uliofuata walikuwa na pa kuanzia. Upande wetu baadhi ya wakulima walizipa mbaazi kisogo moja kwa moja. Kama ningeulizwa, ningesema karatasi itafutwe, ila tani zilizomo zigawiwe vyama vikuu vya ushirika vya wakulima kabla ya msafirishaji yeyote, la sivyo tutakuwa tumewaandikia wengine faida.

Kuna wanaouliza kwa nini watu hawakuweka mbaazi wakasubiri. Mbaazi hubunguliwa. Ndani ya miezi michache gunia lisilohifadhiwa vizuri linatoa unga na wadudu. Mifuko ya kuzuia hewa ipo na inasaidia, lakini mtu mwenye deni la kibarua hasubiri hata akiwa nayo. Na kula? Mwambao tunazila, mbaazi za nazi na chapati si chakula cha kusimuliwa. Bara kwingi, hata hivyo, watu ni wa maharage, na viwanda vya kukoboa na kupasua mbaazi ni vichache. Zao likishalimwa kwa ajili ya sufuria za nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, sufuria za kwetu haziwezi kulimeza kwa msimu mmoja kwa sababu tu waziri amehimiza.

Nikumbushe pia kwamba majiko ya mbali yamewahi kuijenga na kuiacha mikoa hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, ikaamua yatoke kwenye karanga za Tanganyika. Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu za mpango huo, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ikang'olewa kwa matingatinga, reli ikatandikwa, na Mtwara ikachaguliwa iwe na bandari ya kina kirefu. Mpango ulikufa mwaka 1951 kwa sababu ardhi, mvua na mahesabu ya London havikupatana. Bandari ilikuja kufunguliwa 1954 wakati karanga zilizoifanya ijengwe hazipo. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Korosho zinazopakiwa Mtwara siku hizi kwenda Vietnam na India zinapitia kwenye bandari iliyotokana na njaa ya mafuta ya Waingereza.

Turudi kwenye mbaazi, maana kisa hakikuishia 2017. Tarehe 15 Mei 2021 India ilifungua tena mlango. Mvua, mavuno na bei vilikuwa vimegeuka, na mlaji wa mjini akawa na sauti kuliko mkulima. Mwaka huo ikaandika makubaliano mapya: Malawi tani 50,000 kwa mwaka, Myanmar tani 100,000, na Msumbiji ikaongezewa miaka mitano ya tani 200,000. Tanzania haikuwemo kwenye orodha hiyo. Mzigo wetu ukawa unaingia kwa ruhusa ya jumla, inayoongezwa kipindi hadi kipindi, na kwa miaka kadhaa mfululizo tarehe ya mwisho imekuwa 31 Machi.

Upande wa ndani, tofauti ni kubwa na inastahili kusemwa. Mbaazi za Lindi na Mtwara sasa huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani na kupewa hati, kisha mzigo hunadiwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na Soko la Bidhaa la Tanzania limeingia. Bei inatajwa hadharani, mkulima anaisikia siku ile ile, na mchuuzi mwenye mizani ya kuchakachua amepungukiwa na nafasi. Ila mnada hugawa bei iliyopo, hauileti nyingine. Waweke wanunuzi kumi wanaoshindana kwenye mnada wa Nachingwea. Kama wote kumi wanakwenda kuuza India, siku New Delhi ikipandisha ushuru wote kumi watashusha bei asubuhi hiyo hiyo.

Kwa anayelima, basi, kuna mambo machache ya India ambayo yanafaa kubandikwa kwenye ubao wa chama cha msingi, pembeni ya bei ya mnada uliopita. La kwanza ni bei ya chini ya serikali yao, ambayo kwa kawaida hutangazwa karibu na Juni: ikipanda sana, wakulima wa huko watapanda sana. La pili ni hali ya monsuni kufikia Septemba. La tatu ni bei ya sokoni Karnataka mwezi wa Desemba na Januari, kwa sababu hiyo hutoka wakati mbegu ziko mkononi na bado mtu anaweza kupunguza eka. Na ile tarehe ya 31 Machi huja ikiwa imechelewa. Mbaazi zimekwisha kuota, na kitakachoamuliwa kitamkuta mkulima na zao la miezi mitatu shambani.

Walioachana na mbaazi baada ya 2017 wengi waliongeza ufuta, na bei yake imewapa sababu ya kufurahi misimu kadhaa. Mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani ni China.